Mbio za mteremko zinataka saa mbili kabla ya baiskeli ya bei ghali



Najua blogu hii ni ya msimbo, na kuna watakaoshangaa kukuta baiskeli humu. Vumilieni kidogo. Kabla hatujamaliza tutakuwa tumerudi kwenye programu, na kwenye tatizo ambalo kila mwandishi wa programu hukutana nalo siku moja: mashine mbili zilizo mbalimbali, kila moja na saa yake, halafu mtu anauliza ni lipi lililotangulia.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kila ninapozungumza na vijana wa kwetu Katilu kuhusu mbio za baiskeli za mteremko, mazungumzo huishia palepale: hatuna baiskeli zenye springi, hatuna breki za diski, tusubiri mfadhili. Mimi nasema baiskeli tulizo nazo zinatosha kuanzia. Kitu kinachotufanya tuvunjane mifupa na kisha tugombane juu ya mshindi ni kwamba hatuna njia ya kupima muda. Na kupima muda ni kazi ya simu mbili za kawaida na mtu mmoja anayejua kuandika msimbo. Yaani ni kazi yetu sisi, wasomaji wa ukurasa huu.

Kwa wasioijua Katilu: iko Turkana Kusini, kando ya mto Turkwel, mashamba ya mahindi na mtama yanayonyweshwa kwa mifereji, na nje ya mashamba ni mchanga, migunga na mathenge. Baiskeli huku ni punda wa chuma. Inabeba mitungi ya maji, inabeba makaa, inabeba mgonjwa. Nyingi ni zile nzito tunazoziita Black Mamba, zenye breki za vyuma badala ya waya, na kiti cha ngozi kinachokuadhibu hata kwenye barabara tambarare. Uwanda wetu haufiki mita 1,000 juu ya bahari, ilhali ukipanda barabara ya Kitale kupitia Kainuk na Marich hadi Kapenguria unapita mita 2,000. Maana yake, miteremko ipo tele, na hata vilima vya mawe vilivyo karibu nasi vinatosha kumtoa mtu roho.

Mwaka jana nilishiriki mbio moja kwenye kilima kimojawapo. Jina la mahali na la waandaaji naliacha, maana walifanya kwa nia njema na kwa pesa zao. Tulikuwa waendeshaji 14: wengi wa Katilu, wengine Kalemngorok na Kainuk, na wanne waliotoka upande wa Pokot, jambo ambalo kwa historia ya mpaka ule si dogo hata kidogo. Njia ilikuwa ya mbuzi, kama kilomita mbili, kutoka mgongo wa kilima hadi kwenye laga kavu. Zawadi: mbuzi wawili na simu.

Tuliambiwa tujipange mstari mmoja juu, filimbi ikilia twende wote.

Sijui kama umewahi kushuka mlima kwa Black Mamba. Mwili unautupa nyuma ya kiti, mpaka tumbo linakaribia kukigusa, mikono imenyooka, magoti yamelegea kidogo yameze mawe. Ukikaa kawaida, jiwe la kwanza linakurusha mbele ya usukani. Breki ya mbele unaiheshimu kama nyoka. Ya nyuma unaibana na kuiachia, kuibana na kuiachia, kwa sababu ukiibana moja kwa moja gurudumu linafunga na baiskeli inaanza kuteleza ubavu. Macho hayatazami gurudumu, yanatazama mita kumi mbele, pale unapotaka kupita, kamwe si kwenye jiwe unaloliogopa. Hayo yote yanawezekana. Hata raha ipo, tena kubwa. Ila yanataka kuona njia. Sasa watieni watu 14 kwenye njia ya mbuzi kwa wakati mmoja: wa kwanza anaona njia, wa pili anaona vumbi la wa kwanza, na kuanzia wa tatu kwenda nyuma mnaendesha kwa imani.

Kwenye kona ya kwanza watatu walianguka pamoja. Mmoja alivunjika mtulinga. Mimi nilipita pembeni mwao juu ya kokoto na nikamaliza wa sita, lakini stori haiko kwangu. Stori iko mbele. Karibu na mwisho njia inagawanyika kuzunguka mgunga mkubwa, na vijana wawili, mmoja wetu na mmoja wa Pokot, waliuzunguka kila mtu kwa upande wake na kutokea kwenye laga kana kwamba wamefungwa kamba. Mwamuzi wa kulia aliona wa kulia ndiye mshindi. Mwamuzi wa kushoto, wa kushoto. Kuanzia saa kumi alasiri mpaka giza tulikuwa bado tunabishana, na ubishi ule ulikuwa na sauti ambayo watu wa mpakani wanaijua. Wazee waliingilia, kila mmoja akapewa mbuzi, simu ikarudi kwa mwenyewe. Hakuna aliyepigwa. Lakini wale wanne waliondoka bila kula, na mbio zilizofuata hawakuja.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiria saa.

Wengi mtaniambia mbio za pamoja zimefanya kazi nzuri kwenye mpaka huu. Kweli. Wakfu wa amani wa Tegla Loroupe, mwanariadha wetu kutoka Pokot Magharibi, ulianzishwa mwaka 2003, na mbio zake za amani zimewakutanisha Wapokot, Waturkana na majirani zao kwenye barabara moja. Lakini zile ni mbio za miguu. Watu mia wakianza pamoja kwa miguu barabarani, wanaojikwaa wanachubuka magoti. Mshindi anaonekana kwa macho, mara nyingi yuko peke yake. Mteremko wa baiskeli ni kitu kingine: njia nyembamba, mwendo wa pikipiki, na tofauti kati ya wa kwanza na wa pili huweza kuwa kupepesa jicho.

Ndiyo maana kule mchezo huu ulikokulia, tangu mwanzo kabisa, watu hawaanzi pamoja.

Historia yake inafurahisha na ina somo kwetu la baiskeli mbovu. Tarehe 21 Oktoba 1976, kundi la vijana wa Marin, California, lilikutana kwenye njia ya magari ya zimamoto mlimani karibu na mji wa Fairfax ili kumaliza ubishi wa siku nyingi: nani anashuka haraka kuliko wote? Njia ilikuwa ya kilomita tatu na ushei, ikishuka karibu mita 400. Baiskeli zao? Makopo! Zilikuwa baiskeli za mizunguko ya mtaani, nyingi za Schwinn zilizotengenezwa kabla au karibu na vita vya pili vya dunia, nzito kama Black Mamba zetu, zenye breki ya nyuma tu inayokaa ndani ya habu na kufanya kazi unapokanyaga pedali kinyumenyume. Mteremko mmoja ulitosha kuunguza grisi yote ndani ya habu mpaka ikatoka moshi, na kabla ya kushuka tena ilibidi habu ifunguliwe na kupakwa grisi mpya. Njia ikaitwa Repack, yaani paka upya.

(Fanyeni hesabu, ni tamu. Mtu na baiskeli yake kilo 85, mara mvuto wa 9.8, mara mita 400, unapata kama kilojouli 333. Kiasi hicho cha nishati kinatosha kuichukua lita moja ya maji ya kawaida na kuifikisha kwenye kuchemka. Sehemu ya nishati inachukuliwa na upepo na mtikisiko, lakini nyingine yote inaishia kwenye breki. Chai ya watu wanne ndani ya habu moja. Kwenye kilima chetu ambacho ni chini ya nusu ya hapo, mipira ya breki ya Black Mamba inanuka vilevile.)

Jambo ninalotaka mlione ni hili. Vijana wale hawakuwa na mfadhili, hawakuwa na baiskeli maalum, kwa sababu baiskeli ya milimani ilikuwa bado haijaanza kuuzwa. Ni baadhi yao, akina Gary Fisher, Joe Breeze, Charlie Kelly na Tom Ritchey, waliokuja kuijenga na kuiuza baadaye. Lakini walikuwa na saa zilizolinganishwa, moja juu na moja chini, na karatasi. Waendeshaji waliachiwa mmoja mmoja, kwa nafasi, wenye kasi zaidi wakiwa wa mwisho. Rekodi ya njia ile iliwekwa na Fisher: dakika 4 na sekunde 22. Breeze alifika 4 na 24. Sekunde mbili! Saa ya juu ingepishana na ya chini kwa sekunde tatu kati ya mshuko wa mmoja na wa mwingine, jina kwenye historia lingekuwa lingine.

Na msiseme hayo ni mambo ya Marekani. Fundi mmoja Mkongomani aliyeko Kakuma, anayetengeneza baiskeli sokoni pale, ndiye aliyenisimulia vizuri habari za chukudu za Goma. Chukudu ni kama baiskeli ya mti isiyo na pedali: magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira, ubao wa kupiga goti, usukani mpana kama pembe za ng'ombe. Wanapakia viazi, makaa, mbao, mamia ya kilo, wanashuka nazo kutoka vijiji vya milimani hadi mjini. Breki ni kipande cha tairi kuukuu juu ya gurudumu la nyuma, unakikanyaga. Mji wa Goma umeijengea sanamu yenye rangi ya dhahabu, iliyozinduliwa mwaka 2009. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, nako wanazo baiskeli za mti, na huyohuyo Tom Ritchey wa California alipofika huko alizipenda mpaka mwaka 2006 yakafanyika mashindano yaliyobeba jina lake kutokana na baiskeli hizo. Rwanda ile iliyoanza na mbao, Septemba 2025 ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani mjini Kigali, mara ya kwanza kwa Afrika nzima.

Kenya nayo ina mashindano ya 10to4 kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ambayo huandaliwa na Mount Kenya Trust kuchangia hifadhi ya mlima. Jina lake lenyewe ni hesabu: unaanza karibu futi 10,000, unamalizia karibu futi 4,000. Ni kitu kizuri. Ila kijana wa Katilu hana nauli ya Nanyuki, achilia mbali baiskeli itakayopita ukaguzi. Yeye anataka kilima chake.

Haya, turudi kwenye msimbo kama nilivyoahidi.

Tatizo ni rahisi kulisema. Juu kuna simu A, chini kuna simu B. Mwendeshaji anaondoka, A inaandika muda. Anafika, B inaandika muda. Unatoa. Kinachosumbua ni kwamba A na B hazikubaliani saa ngapi sasa.

Wazo la kwanza la kila mtu ni filimbi. Mtu wa chini asikie filimbi ndipo aanze kuhesabu. Hapana! Kwenye joto letu la nyuzi 38 sauti inakwenda kama mita 354 kwa sekunde. Kilima cha kilomita mbili ni karibu sekunde sita kabla filimbi haijafika, kama itafika, na upepo wa mchana ukibadilika kati ya mwendeshaji na mwendeshaji, mmoja anasikika na mwingine hasikiki. Bendera ni afadhali, mwanga hauchelewi, lakini jicho na kidole cha binadamu huchelewa kama sehemu mbili za kumi za sekunde, na vumbi huficha bendera.

Wazo la pili ni kupiga simu: "Ameondoka!" Sauti ya simu nayo huchelewa njiani, mara kidogo, mara zaidi, na kwetu mtandao wenyewe unakuja na kwenda kama mgeni. Msitegemee.

Wazo la tatu ndilo linalowanasa hasa waandishi wa programu: si kila simu ina saa sahihi kutoka mtandaoni? Weka simu zote mbili kwenye muda wa mtandao, basi. Tatizo la kwanza, saa inayoletwa na kampuni ya simu inaweza kukosea kwa sekunde kadhaa na hakuna anayekuahidi vinginevyo. La pili, na hili ni baya zaidi, saa inayoonekana kwenye kioo inaweza kuruka katikati ya mbio. Simu ya juu ya kilima ikikamata mnara ghafla, inajirekebisha, na mwendeshaji aliyeondoka saa nane na dakika kumi anakuwa ameondoka kwa muda usiokuwepo. Msiitumie saa ya kioo kupima muda uliopita. Ndani ya Android kuna kihesabu kingine, kinachoanza simu inapowashwa na hakirudi nyuma wala hakirukii mbele hata ukibadilisha tarehe. ElapsedRealtime ndilo jina la kukiita. Hicho ndicho chetu. Wanaoandika programu za benki na za matatu nao wangekijua, tungepumzika mambo mengi, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Wa nne atakuja na setilaiti. GPS ina saa nzuri kupita zote, ni kweli, na kama una vipokezi viwili vya aina moja vinavyotoa mdundo kila sekunde, tumia. Ila jihadhari na mtego mmoja mtamu: saa ya GPS yenyewe iliwekwa sawa na saa ya dunia tarehe 6 Januari 1980 na tangu hapo haijaongezewa sekunde za nyongeza. Tangu 1 Januari 2017 imekuwa mbele kwa sekunde 18. Programu moja ikikuonyesha saa ya GPS ghafi na nyingine ikikuonyesha iliyosahihishwa, mwendeshaji wako ameshuka kilima kwa sekunde 18 pungufu na kijiji kizima kinamwita mchawi.

Njia niliyoichagua haihitaji mtandao wala setilaiti. Ni kofi.

Asubuhi, chini ya mti, simu mbili zinawekwa kando kando juu ya meza, programu inasikiliza, mtu anapiga makofi mara moja, kwa nguvu. Kila simu inaandika kihesabu chake kilikuwa wapi iliposikia. Simu A inapanda kilima kwa bodaboda. Mbio zinafanyika. Jioni A inarudi, zinawekwa tena kando kando, kofi la pili. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu kila simu ina fuwele inayopiga mdundo wake, na hakuna fuwele mbili zinazofanana, hasa moja ikikaa juani na nyingine kivulini.

Nilijaribu kwa saa tatu. Tuseme kofi la kwanza A ilikuwa 1,000.000 na B 5,000.000. Kofi la pili A 11,800.000 na B 15,800.120. Yaani B imewahi kwa sehemu 12 za mia ndani ya saa tatu. Mwendeshaji aliyefika katikati ya muda huo, B yake unaitoa 4,000 pamoja na nusu ya ule uongo, 0.060, na wote mnakuwa kwenye saa moja. Ni mstari ulionyooka kati ya nukta mbili, hesabu ya sekondari. Simu zikitenganishwa nusu mita mezani, kosa la sauti ni chini ya milisekunde mbili. Msimbo wote hauzidi kurasa chache.

Juu, hakuna kidole kinachobonyeza. Simu yenyewe inalia mara tano, ya tano ni ndefu, na muda unaanza hapo, uwe umeondoka au unafunga kamba za viatu. Kila dakika mbili mmoja. Chini, kamera inaupiga picha mstari. Hapa nataka tuwe waaminifu: kamera ya picha 30 kwa sekunde, mtu akija kwa kilomita 40 kwa saa, kati ya picha na picha baiskeli imesogea sentimita 37. Kwa hiyo msiandike mia za sekunde ubaoni eti kwa sababu programu inazo tarakimu za kuonyesha. Andikeni sehemu za kumi. Wawili wakilingana kwenye sehemu ya kumi, wamelingana, wagawane mbuzi, na hakuna mzee anayepaswa kukesha.

Nilipoeleza haya nyumbani, mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Kijana wangu, macho yangu nayajua. Hiyo simu yako sijui ni ya nani." Nimelifikiria neno lile kuliko swali lolote la kazini. Ana haki. Tukiondoa macho ya waamuzi wawili na kuweka simu yangu mimi, mtu wa Katilu, ninayewaambia watu wa Pokot wamepoteza kwa nusu sekunde, nimebadilisha ubishi tu, tena nimeufanya mbaya zaidi, kwa sababu macho unaweza kuyabishia.

Kwa hiyo sharti langu la pili ni uwazi. Muda wa kuondoka na muda wa kufika unaandikwa ubaoni kwa chaki kabla ya kutolewa, na makofi yote mawili yanaandikwa juu ya ubao. Mtoto wa darasa la sita anaweza kutoa. Juu ya kilima wanakaa wawili, mmoja wa kila upande, na chini vilevile. Simu ya akiba inatoka upande wa pili na inasikia kofi lilelile. Wakenya tumeshalizoea jambo hili: mwaka 2022 tume ya uchaguzi ilipoweka picha za Fomu 34A hadharani, watu walijumlisha wenyewe sebuleni. Walioridhika waliridhika na wasioridhika walikwenda mahakamani, lakini wote walikuwa wanabishana juu ya karatasi zilezile. Na msimbo utakuwa huria, bila shaka. Nani ataamini saa iliyofungwa?

Pingamizi la pili ni la vijana wenyewe: mmoja mmoja haichangamshi, watu wanataka kuona kundi likishuka. Nasema hawajajaribu. Kwenye Kombe la Dunia la mteremko, anayeongoza anakaa kwenye kiti palepale mstarini, mbele ya watu wote, akingoja kila anayeshuka amng'oe. Wenye kasi zaidi ni wa mwisho. Fikiria hilo kwenye laga yetu: spika ya kanisa, mtu anahesabu sekunde kwa Kiturkana na kwa Kipokot, vumbi linaonekana kule juu kwenye mawe, na aliyeko kitini anajua zimebaki kumi na tano. Kundi la watu 14 kwenye vumbi hakuna anayeliona hata hivyo. Mnaona vumbi.

Na la mifupa halina mjadala. Mchezo huu unaua hata mabingwa. Sule Kangangi, nahodha wa Team Amani na fahari ya waendesha baiskeli wa Kenya, alifariki tarehe 27 Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mbio za Vermont, Marekani, akiwa na miaka 33. Alikuwa na ujuzi na baiskeli ambavyo sisi hatuna. Siwezi kuahidi kwamba saa mbili zitazuia kila ajali. Mtu ataanguka peke yake na jiwe lake. Ila hataangukiwa na wengine wawili, na atakayekuja nyuma yake yuko dakika mbili mbali, na mtu wa bendera ana muda wa kumsimamisha. Ukiumia vibaya Katilu, rufaa ni Lodwar, na barabara unaijua. Helmeti, hata ya pikipiki, ni lazima. Hiyo haina msimbo.

Gharama? Simu mbili ambazo watu wanazo tayari, betri ya akiba, ubao, chaki, mafuta ya bodaboda kwenda juu na kurudi. Kiraka na solushoni kwa ajili ya mathenge, ambayo miiba yake inapita tairi lolote lililotengenezwa na binadamu. Ninayo programu inayofanya kazi kwenye simu tatu za aina tofauti, na mwaliko umeshapelekwa upande wa Pokot kupitia mtu wanayemwamini wao, pamoja na nakala ya msimbo na sharti la watu wawili juu, wawili chini. Wamejibu kwamba simu ya akiba watakuja na yao, na kwamba makofi yote mawili atapiga mtu wao. Nimekubali.

Limebaki moja ambalo bado linanisumbua, nalo ni mbuzi. Sizungumzii wa zawadi, nazungumzia wale wanaovuka njia. Nilikuwa nimeandika kipande kinachotambua chenyewe kitu kinapokata mstari wa mwisho, na kwenye jaribio la kwanza kilirekodi washindi kumi na mmoja kabla hajashuka mtu yeyote. Nimekiondoa, sasa mtu anachagua picha kwa mkono. Ila kule juu njiani, mwendeshaji akikutana na kundi kwenye kona, afanyeje? Mashindano makubwa humruhusu aliyezuiwa kushuka tena. Mimi naona na sisi turuhusu, kwa masharti kwamba mtu wa bendera awe amewaona mbuzi kwa macho yake. Vijana wa Kalemngorok wanapinga. Wanasema mbuzi ni sehemu ya kilima.